Mwenzako Akinyolewa

Kuna sentensi ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi hapa kwetu anaijua: "Mfumo ndivyo unavyosema." Ikishatamkwa, mjadala umekwisha. Unaweza kuwa na risiti mkononi na shahidi pembeni, lakini yule wa upande wa pili wa kioo ameshamgeukia anayefuata kwenye foleni. Mimi ni mmoja wa watu wanaoiandikia mifumo hiyo maneno ya kusema. Na nimewahi kuufanya mmoja useme uongo.

Nilikuwa na miaka 24, mwaka wa pili kazini, katika kampuni ambayo sitaitaja. Tulikuwa na programu ya simu kwa ajili ya mawakala. Mteja anafika kibandani na pesa taslimu, anataka kulipia maji, au ada ya mtoto, au rejesho la mkopo. Wakala anaingiza namba, anabonyeza "Thibitisha", floti yake inapungua, mteja anapata ujumbe, anaondoka. Sehemu ya kupeleka malipo kutoka kwenye simu hadi kwenye seva niliandika mimi. Kwa kuwa mtandao wetu wote tunaujua, niliweka kanuni ndogo: simu ikikaa sekunde 10 bila kupata jibu, itume tena. Nilijiona mjanja.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba kukosa jibu si sawa na ombi kutofika. Mara nyingine ombi lilifika salama, malipo yakaandikwa, kisha jibu ndilo likapotea njiani. Simu ikatuma tena. Seva, ambayo sikuifundisha kutambua kwamba ombi hili ni lile lile, ikaandika malipo ya pili. Floti ikakatwa mara mbili. Mteja aliyelipiwa maradufu hakulalamika. Nani hulalamikia neema? Aliyeumia ni wakala, jioni, alipojumlisha taslimu na floti akakuta hazifikii mtaji wake. Wenyewe wanaita shoti.

Mama mmoja wa Mbagala alipata shoti kwa wiki tatu. Alikuja ofisini na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani alikuwa ameandika kila malipo kwa kalamu ya bluu: saa, jina, kiasi. Jumla ya alichopoteza ilikuwa shilingi 412,000, kwa mtu ambaye mtaji wake wote ulikuwa milioni moja. Bosi wangu aliniita, akaniuliza mbele yake, "Mfumo unaweza kukosea?" Nikajibu bila kufikiri: "Hapana. Kumbukumbu zinaonyesha simu yake ndiyo iliyotuma mara mbili." Ilikuwa kweli. Simu yake ilituma mara mbili. Ila aliyeituma mara ya pili nilikuwa mimi.

Yule mama aliniangalia akasema, "Mwanangu, mimi nimeishia darasa la saba, lakini hesabu ya kibanda changu naijua." Akaambiwa akawatafute wateja waliopata malipo ya ziada, awadai mwenyewe.

Niligundua kosa wiki sita baadaye, wakala wa tatu alipoleta malalamiko yale yale. Marekebisho yalichukua alasiri moja: kila malipo yapewe namba yake ndani ya simu kabla ya kutumwa, na seva ikikutana na namba ambayo imeshaiandika, irudishe jibu la kwanza badala ya kuandika upya. Mawakala walirudishiwa pesa zao kimyakimya. Yule mama alikuwa ameshafunga kibanda. Niliomba niandike maelezo ya kilichotokea, yasomwe angalau na wenzangu wa ofisini. Nikaambiwa hayo yameshapita, tusonge mbele.

Tulisonga mbele. Hilo ndilo tatizo ninalotaka kuligombeza hapa.

*

Ile namba ya kuutambulisha muamala haikuwa uvumbuzi wangu. Tatizo lenyewe lilikuwa limeandikwa miaka mingi kabla sijazaliwa. Wataalamu wa kompyuta wanaliita Tatizo la Majenerali Wawili, jina alilolipa Jim Gray mwaka 1978. Majenerali wawili wako kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati yao, na njia pekee ya kuwasiliana ni mjumbe anayepita humo humo bondeni. Jenerali wa kwanza anatuma: tushambulie alfajiri. Mjumbe harudi. Je, alikamatwa akienda, au alifikisha ujumbe akakamatwa akirudi? Hakuna namna ya kujua kwa hakika, hata wakitumiana wajumbe mia. Ukilielewa hilo, huwezi tena kuandika programu ya malipo inayodhani kwamba kimya maana yake "haikufika". Aya moja. Ukurasa mmoja. Ungetosha kuokoa kibanda cha watu.

Sasa kwa nini sikuwa nimeusoma ukurasa huo? Watu husema vijana wa kompyuta hawasomi. Si kweli. Tunasoma kutwa nzima. Tunasoma kabla ya kulala, tunasoma ndani ya daladala, tunasoma hadi macho yanawasha. Nilikuwa nimesoma jinsi ya kujenga duka la mtandaoni kwa wiki mbili, jinsi ya kufaulu usaili wa kampuni kubwa, lugha ipi ya programu inakufa na ipi inachipua, na kwa nini teknolojia niliyojifunza mwaka jana imeshapitwa na wakati mwaka huu. Nilikuwa mtu aliyesoma sana.

Lakini yote niliyosoma yalikuwa ya aina moja. Yalikuwa hadithi za ushindi. Katika masomo hayo mtandao haukatiki. Mtumiaji habonyezi kitufe mara mbili. Umeme haukatiki katikati ya kuandika. Mwalimu anaandika msimbo, anauendesha, unafanya kazi, anatabasamu, somo limekwisha. Ni sawa na kumfundisha mtu udereva kwenye uwanja mtupu wa mpira, kisha kumpa basi la abiria 60 na kumwelekeza mlima Kitonga.

Ninasema, na nitasimama hapo hapo: usomaji wa maana kuliko wote kwa mtengeneza programu ni ripoti za ajali. Ndizo zinapaswa kusomwa kwanza, na tena na tena. Anayejiita mhandisi wa programu na hajawahi kusoma hata ripoti moja ya ajali ya programu kuanzia mwanzo hadi mwisho, jina hilo amejiazima.

*

Tuanze na posta za Uingereza, kwa sababu nilipoisoma habari hii nilimwona mama wa Mbagala ndani yake.

Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuwa chini ya Fujitsu. Uliwekwa kwenye ofisi ndogo za posta zinazoendeshwa na mawakala, watu wa kawaida ambao wengi wao ofisi hizo wanazo ndani ya maduka yao. Mara wakaanza kuona shoti. Mkataba uliwataka wafidie wenyewe. Waliofidia walifidia kwa akiba zao, wengine kwa nyumba zao. Walioshindwa walishtakiwa kwa wizi na uhasibu wa uongo. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi wao wameeleza kwamba waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Kila mmoja aliamini yuko peke yake. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Kuna mama aliyepelekwa jela akiwa mjamzito. Kuna waliojiua.

Mwaka 2019 mawakala 555 waliokuwa wameungana kufungua kesi walishinda Mahakama Kuu ya London. Jaji alichambua hitilafu za mfumo ule moja baada ya nyingine, kwa majina. Moja inaitwa hitilafu ya Dalmellington, kijiji cha Scotland ilikojulikana mwaka 2015. Wakala alikuwa anapokea mfuko wa pauni 8,000. Alibonyeza kitufe cha kukubali, skrini ikabaki pale pale. Akabonyeza tena. Na tena. Kila alipobonyeza, mfumo uliandika kwamba amepokea mfuko mwingine. Kwenye vitabu akawa na pauni 32,000. Mkononi alikuwa na 8,000. Pauni 24,000 "zimepotea".

Nilisoma aya hiyo usiku, nikafunga kompyuta, nikatoka kukaa barazani. Haikuwa na tofauti na yangu. Skrini iliyoganda, ombi lililorudiwa, mfumo usiotambua kwamba hili ni lile lile, na binadamu aliyetakiwa kulipia tofauti. Walikuwa na wahandisi wengi na fedha nyingi. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye meza iliyopachikwa karibu na jiko la ofisi. Kosa moja.

Kuna jambo jingine ndani ya habari hii linalopaswa kumkosesha usingizi kila mmoja wetu. Zamani sheria ya Uingereza ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta mahakamani aonyeshe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mwaka 1999 Bunge lilikifuta kifungu hicho. Baada ya hapo kompyuta ikahesabiwa kuwa ni nzima mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Jiulize: mwenye duka atathibitishaje ubovu wa mfumo ambao hauoni ndani, hajui umeandikwaje, na wenyewe wanaapa kwamba ni mzima?

Usidhani hayo ni ya mbali. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazikubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, na inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na zilivyowasilishwa. Ni sheria ya busara. Lakini siku hakimu atakapotaka kupima, atamuuliza nani? Atamuuliza mtu kama mimi. Na wewe umeshasikia nilivyojibu nilipoulizwa.

*

Ripoti ya pili ninayotaka uisome ni ya mashine iliyoitwa Therac-25. Ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi kikubwa mno, na angalau watatu wakafa kwa sababu hiyo. Nancy Leveson na Clark Turner waliuchunguza mkasa huo na kuuandika mwaka 1993. Maandishi yao ni marefu, lakini yanasomeka kama kesi ya mauaji ambayo muuaji wake ni imani.

Machi 1986, mjini Tyler, Texas. Mwendesha mashine, mwanamke mzoefu mwenye vidole vyepesi, aliandika herufi ya aina moja ya mionzi badala ya nyingine. Akaliona kosa, akarudisha kielekezi juu, akarekebisha, akaendelea kubonyeza. Alimaliza ndani ya sekunde chache. Mashine haikuwa tayari kwa mtu mwenye kasi hiyo: sehemu moja ya programu ilisikia marekebisho yake, nyingine haikusikia. Skrini ikaandika "Malfunction 54". Kitabu cha maelezo hakikueleza maana yake kwa lugha ya kumsaidia mtu. Yeye alikuwa ameshazoea. Mashine ile ilikuwa ikilalamika kila siku kwa mambo madogo madogo. Akabonyeza kitufe cha kuendelea. Chumba cha pili mgonjwa, ambaye kipaza sauti na kamera za kumwangalia havikuwa vikifanya kazi siku hiyo, alikuwa ameshaungua mara ya kwanza na sasa anapigwa mara ya pili. Kipimo chake kilikuwa rad 180. Inakadiriwa alipata zaidi ya 16,000. Alikufa miezi mitano baadaye.

Wahandisi wa kampuni walikuja, wakajaribu, hawakuona kosa. Wakasema mashine haiwezi kumzidishia mgonjwa mionzi. Labda alipigwa shoti ya umeme. Mashine ikarudishwa kazini. Siku chache baadaye, mwendesha mashine yule yule, kosa lile lile, mgonjwa mwingine. Naye akafa.

Aliyelipata kosa ni mwanafizikia wa hospitali pamoja na mwendesha mashine mwenyewe, kampuni ikiwa imeshindwa kuliona. Walikaa mbele ya kibodi wakarudia, wakarudia, mpaka wakagundua kwamba siri ni kasi. Wahandisi walikuwa wakiandika polepole, kwa uangalifu, kama watu wanaojaribu mashine. Yeye aliandika kama mtu mwenye wagonjwa wanaomsubiri nje. Tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili kabla hujasema tena kwamba "kwenye kompyuta yangu inafanya kazi".

Na kuna hili. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kosa hilo hilo ndani ya programu yake. Haikuua mtu, kwa sababu ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyokata mionzi mambo yakienda kombo. Fyuzi iliungua, basi. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa. Programu ilikuwa imefanya kazi miaka yote bila kuleta maafa, kwa hiyo ikaaminiwa. Hakuna aliyejiuliza ni nini hasa kilichokuwa kinazuia maafa.

Roketi ya Ariane 5 ilianguka kwa ndugu wa kosa hilo. Tarehe 4 Juni 1996, kutoka Kourou, iliruka kwa kiasi cha sekunde 40, ikapinda, ikalipuka. Kipande cha programu kilichochukuliwa kutoka Ariane 4 kilijaribu kuisukuma namba kubwa ndani ya nafasi isiyopokea zaidi ya 32,767. Kwenye Ariane 4 namba hiyo isingeweza kuwa kubwa kiasi hicho. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi zaidi kuelekea upande. Palikuwa na kompyuta ya akiba, nayo ilikuwa imeshazima kwa kosa lilo hilo, kwa sababu ilibeba programu ile ile. Na kazi iliyokuwa inafanywa na kipande hicho haikuwa na faida yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuruka. Kilibaki humo kwa kuwa kilikuwa kimeshazoeleka.

Sasa fikiria ni vipande vingapi vya msimbo umevinakili mwaka huu kwa sababu "kwa wenzetu vinafanya kazi".

*

Najua utaniambia nini, maana nimeambiwa.

Kwanza utasema: hizo ni ajali za kale. Lugha zile hazitumiki tena, mashine zile ziko makumbusho. Nakubali lugha zimekufa. Makosa hayajafa. Nimekuonyesha kosa lililotajwa jina mwaka 1978, likaonekana kijijini Scotland mwaka 2015, likamfilisi mama Mbagala mikononi mwangu. Kinachozeeka katika fani hii ni yale unayoyakimbilia: toleo jipya, zana mpya, orodha ya mambo kumi ya kujua mwaka huu. Hesabu mwenyewe ni mangapi kati ya uliyosoma miaka mitatu iliyopita bado yanakufaa leo.

Pili utasema: hizo ni ajali za nchi tajiri, sisi tuna shida zetu. Hapo umeuma mkono wako mwenyewe. Wenzetu walikuwa na mahakama zenye nguvu, waandishi wa habari waliofuatilia kwa miaka, wataalamu wa kutoa ushahidi na fedha za kesi. Na bado iliwachukua mawakala wa posta miaka 20 kusikika. Sisi tumehamishia pochi za nchi nzima ndani ya simu kwa muda mfupi kuliko watu wengi duniani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikawa Tanzania. Leo bibi kijijini anapokea pesa za mwanawe kwa ujumbe mfupi, na muuza nyanya analipwa kwa namba. Ni jambo la kujivunia, nami ninajivunia. Lakini bibi huyo akikatwa elfu tano isiyoeleweka, nani atamchunguzia? Pale ambapo hakuna mchunguzi baada ya ajali, uangalifu kabla ya ajali si anasa. Ndiyo kinga pekee aliyonayo.

Tatu, na hili ni la siku hizi: akili mnemba itatuandikia msimbo, kwa nini tujichoshe? Mimi naitumia, sitajifanya mtawa. Nimeiomba msimbo wa kutuma malipo, ikaniletea msimbo msafi, wenye maelezo mazuri, na wenye kutuma tena kimya kikizidi, bila namba ya kumtambulisha muamala. Ilinirudishia ujana wangu. Nilipoiambia kosa, ilikubali mara moja na kurekebisha kwa adabu. Lakini aliyejua cha kuiambia alikuwa ni mimi, na nilijua kwa sababu mtu aliumia. Kadiri mashine zinavyotuandikia zaidi, ndivyo kazi yetu inavyobaki kuwa moja: kusoma kilichoandikwa na kuuliza, hapa nani ataumia, na vipi? Swali hilo hulijui kwa kuzaliwa. Unalipata kwa kuwasoma walioumia.

Nne, muda. "Bosi anataka kazi Ijumaa." Ripoti ya Ariane inasomeka kwa jioni moja. Ya Therac, kwa jioni mbili. Umetumia jioni ngapi mwezi huu kusoma ugomvi wa watu wawili wasiojuana kuhusu lugha ipi ni bora?

*

Nimeishambulia mikono ya vijana wenzangu. Sasa niseme na wakubwa.

Ripoti zote nilizozitaja zipo kwa sababu kuna mtu aliandika. Si bure kwamba hatuna za kwetu. Mifumo yetu huanguka kama mifumo mingine. Matokeo huchanganyika, mishahara hukosewa, miamala hujirudia, na sisi tuliomo ndani tunajua. Linalotoka nje ni tangazo la mistari miwili: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, huduma zimerejea. Usumbufu gani? Ulitokana na nini? Nani alikatwa kiasi gani, na amerudishiwa? Tangazo halisemi. Kila kampuni inaficha kidonda chake, na kila kijana mpya anajifunza kwa kumkata mteja mwingine mahali pale pale.

Wanasema ni kulinda heshima. Tazama GitLab, kampuni ambayo biashara yake ni kutunza msimbo wa watu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake mmoja, akiwa amechoka, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia nakala za akiba, njia moja baada ya nyingine ikaonekana haikuwa ikifanya kazi. Walipoteza data za takriban saa sita. Walifanya nini? Waliandika hadharani, huku bado wanahangaika kuzima moto, kila hatua watu waione. Hawakumtupa mhandisi wao mbele ya umati. Kampuni haikufa. Watu wengi wa fani hii duniani walikwenda asubuhi ile kujaribu nakala zao za akiba, nami nafundisha wanafunzi wangu wa mazoezi kwa mkasa huo hadi leo. Wahenga wetu walishasema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kwamba anayeyataja hufukuzwa kazi. Hilo la kufukuza tumeliongeza sisi.

Ninachokidai ni kidogo. Kila timu inayogusa fedha, dawa, mitihani au utambulisho wa watu iwe na daftari la ajali, na kila anayeajiriwa alisome kabla hajaandika mstari wa kwanza. Kosa likitokea, liandikwe: tulidhani nini, kilitokea nini, nani aliumia, tumebadilisha nini. Jina la aliyekosea si lazima. Liandikwe kwa Kiswahili, ili anayekaa kwenye dawati la huduma kwa wateja alielewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayemsikia mama wa kwanza mwenye daftari. Na neno "haiwezekani" lipigwe marufuku mpaka mtu aonyeshe amejaribu kwa kasi ya mwenye foleni, kwa mtandao wa Mbagala, saa kumi na mbili jioni.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hiyo tumefundishwa tukiwa watoto, ikaishia kwenye insha za shule. Katika fani hii wenzetu wamenyolewa mbele ya macho yetu, tena wameandika kwa kirefu wembe ulipita wapi na damu ilitoka wapi. Tunachotakiwa ni kusoma.

Mimi nimeanza na langu. Makala hii ndiyo yale maelezo niliyokatazwa kuyaandika, na yule mama, kama bado ana lile daftari, ajue kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.